Sindano za Kipa

Kengele ya kazi kiwandani ilikuwa bado haijalia, na Namba Tisa alikuwa ameshamtungia Kipa sindano kumi za kuanzia. Alilamba ncha ya uzi, akaupenyeza, akafunga fundo.

"Fanya haraka, mwenzangu. Leo tuna kesi mahakamani," Kipa alisema.

"Nitasahauje na mshtakiwa ni mimi?"

Wiki sita nyuma, timu ya washonaji ilicheza na ya wakataji. Kipa wa washonaji aliudaka mpira mstarini kabisa, na Namba Tisa wa wakataji, hasira zimempanda, akamtandika ngumi ya jicho. Tangu siku ile jicho la kushoto la Kipa linaona ukungu mtupu, na uzi unapita pembeni ya tundu. Kazi ya Kipa ni vifungo, mashati sitini kwa siku, kwa mkono. Asiyefikisha, kiti chake anakikalia mwingine.

Namba Tisa alikwenda kulia mlangoni kwake. Kipa alimpa matusi yake ya kutosha, kisha akamkaribisha ndani. Kesho yake sindano zikaanza kutungwa. Lakini meneja alikuwa ameshafika polisi kumshtaki Namba Tisa. Hakutaka mtu aseme kiwanda ndicho kigharamie matibabu.

Hakimu alikuwa na mafaili mengi. Kesi ikaahirishwa miezi mitatu. Mshtakiwa akabaki nje kwa dhamana, kwa sharti kwamba asimsogelee Kipa wala asiseme naye.

Kipa akasimama. "Mheshimiwa, huyu ndiye anayenitungia sindano."

"Mama, kaa chini. Kesi hii ni ya serikali. Wewe ni shahidi tu."

"Na jicho je, nalo ni la serikali?"

Watu wakaangua kicheko. Karani akagonga meza.

Mchana Namba Tisa alihamishiwa stoo ya nyuma. Kipa alipapasa tundu mpaka kidole kikatoka damu, akamaliza mashati ishirini na mawili. Msimamizi aliyahesabu mara mbili.

"Kesho ikiwa hivi, dada, sitakuwa na la kukutetea," alisema kwa upole.

Asubuhi Kipa alikuta sponji juu ya meza yake, imechomekwa sindano kila mahali. Zote zina uzi mweupe, zote zina fundo. Alizipitia kwa vidole. Sitini.

"Nani kakutungia hizi?" Msimamizi alikuwa anatazama upande wa stoo.

Kipa alichomoa ya kwanza, akavuta shati.

"Sijui, bosi. Si unajua siku hizi sioni vizuri?"