Mkia wa Kombora Unatetemeka

Vendula aliuona kabla ya mtu yeyote. Ukumbi mzima wa maonyesho pale mjini Brno, Ucheki, umekodolea macho kioo kikubwa, watu wanapiga kelele, bia zinamwagika, na yeye kasimama karibu na jukwaa. Kombora limetoka chini ya bawa la ndege, linakimbia, halafu mkia wake unatetemeka. Unatetemeka kabisa, kama kuku aliyetolewa kwenye ndoo ya maji.

Halikufika popote. Lilipungua mwendo, likadondoka kwenye mashamba.

"Uuuuuh!" ukumbi ukazomea.

"Limeishiwa chaji hilo!" mmoja akapaza sauti, watu wakavunjika mbavu.

Sasa, kombora lile ni la Vendula. Ni la kwenye mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege za kivita, ndiyo, lakini amelitengeneza yeye, miaka miwili, macho mekundu. La zamani lilikuwa la kichawi. Ukilifyatua linamkimbiza adui kona kwa kona bila kuchoka, mpaka limle. Kombora la kweli haliko hivyo bwana! Moto wake unazima mapema, baada ya hapo linaishi kwa mwendo lilionao tu, na kila kona linayokata inakula ule mwendo. La Vendula linachoka. Ndiyo raha yake, na ndiyo kesi yake.

Maana asubuhi Luboš, mwenye kampuni, alimwambia huku anatafuna mkate: "Mama, leo ni siku ya mashindano. Watu wakilikataa kombora lako, jioni narudisha la zamani. Lako nalifuta. Usinune, ni biashara."

Na sasa nusu fainali imeisha kwa kuzomewa.

Vendula akatoa simu. Alikuwa amerekodi kile kioo, akarudisha video nyuma, akaipunguza kasi. Mapezi ya mkia yanapiga kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mbona ofisini hayafanyi hivi? Akaangalia tena. Kwenye pembe ya kioo kuna tarakimu ndogo: picha mia mbili arobaini kwa sekunde.

Hapo akaelewa.

Kompyuta yake ya ofisini ni kuukuu, inatoa picha sitini kwa sekunde, basi. Na yeye aliliandika kombora hivi: kila picha mpya inapokuja, liulize adui yuko wapi, kisha ligeuze mapezi kidogo. Za hapa ukumbini ni mpya, zina kasi mara nne. Kwa hiyo kombora linauliza mara nne zaidi, linageuza mara nne zaidi, linapitiliza, linajirudi, linapitiliza tena. Linajichosha lenyewe! Kosa la mtoto mdogo.

Akikaa kimya, kombora linafutwa. Akisema, pengine anafutwa yeye.

Akamfuata Luboš nyuma ya jukwaa. "Bosi, kosa ni langu."

"Kosa gani tena?"

Akamwonyesha video, maneno yanamtoka mbiombio. Luboš alisikiliza, uso unazidi kuwa mwekundu. "Yaani hukulijaribu kwenye mashine mpya?"

"Hatuna mashine mpya, bosi."

Luboš akamrudishia simu. "Dawa yake?"

"Wazifungie mashine zote kwenye picha sitini. Basi."

Wachezaji wawili wa fainali walipoambiwa, Bořek akaruka juu. Bořek ana ndevu hadi kifuani na mdomo usio na breki. "Sitini! Picha zitakuwa nzito kama donge la knedlík la mama mkwe!"

"Acha kulia, mzee," mpinzani wake Hynek akamwambia. "Sote tutakula donge moja."

Fainali ikaanza. Vendula hakuweza kukaa. Alikuwa anatafuna kamba ya kitambulisho chake bila kujua.

Ndege mbili zinakimbiliana kutoka mbali sana, vidoti tu kwenye rada. Bořek hakusubiri. "Foksi tatu!" akanguruma, ndivyo wanavyotangaza kwamba wamefyatua. Kombora likatoka, likapanda juu kwenye hewa nyepesi. Vendula akaangalia mkia. Umetulia! Umenyooka kama rula! Akataka kupiga yowe, akajizuia, maana Hynek naye si mjinga. Amegeuza ndege, kampa mgongo, anapiga mbizi kwenye hewa nzito ya chini, anakimbia.

Kombora likashuka kumfuata. Moto umeshazima. Linakaribia... linakaribia... mwendo unakatika... tena kidogo... halafu likalegea, likaanguka nyuma yake.

"Uuuuuh!" Ukumbi uleule, mzomeo uleule.

Vendula akaitema ile kamba. Ndiyo basi. Kombora limefanya kila kitu sawasawa, na limekosa, na nani atajua tofauti? Akamwona Luboš anamtazama kwa mbali, mikono kifuani. Hynek akageuka, akamsogelea Bořek, akafyatua kwa karibu, na ndege ya Bořek ikawa moshi.

Mtangazaji akamsogezea Bořek kipaza sauti. "Bořek! Kombora lako limekuangusha leo, au siyo?"

Bořek akakuna ndevu. Vendula akafumba macho.

"Kombora limenifanya nini?" Bořek akafoka. "Nimefyatua mbali kama mpumbavu! Jamaa kageuka kakimbia, lingemfikia na nini? Ningesubiri kidogo tu, ningemla mzimamzima. Pumbavu mimi!"

Ukumbi ukacheka. Hakuna aliyezomea.

Vendula alipofumbua macho, Luboš alikuwa ameshafika pembeni yake.

"Lirekebishe lile kosa la picha," akasema. "Lako linabaki." Akaondoka, kisha akageuka. "Na Jumatatu njoo uchukue mashine mpya."