Nafasi ya Kujibu

Wiki za mwanzo binti alikuwa akiamka bila kujua yuko wapi. Dirisha la chumba chake lilitazama bahari, na kila asubuhi mwanga wa maji ulipanda ukutani, ukafika darini, ukachezacheza huko kama shuka lililoanikwa. Alilala chali akiutazama, huku cherehani ya mama mwenye nyumba ikinguruma chumba cha pili, na kwa muda aliamini kabisa kwamba kisiwa kizima kimeng'oka usiku na sasa kinaelea taratibu kwenda kusikojulikana. Kisha ukuta uligongwa.

"Mwanangu, chai inapoa!"

Hapo kisiwa kilirudi mahali pake.

Alikuwa amekuja kusoma habari. Redio ya kisiwa ilikaa ghorofani, juu ya duka la misumari na rangi. Chumba cha kurekodia kilibandikwa trei za mayai ukutani ili kisitoe mwangwi, na feni yake ilizimwa kila taa nyekundu ilipowaka, hivyo habari zote za kisiwa, nzuri na mbaya, zilisomwa kwa jasho. Mkurugenzi, mtu wa suti katika joto lile lile, alimwajiri kwa majaribio. Fundi mitambo alimpa kiti chenye miguu yote minne, heshima ambayo baadaye aliambiwa si kila mtu huipata.

Kabla yake habari zilisomwa na mzee aliyeitwa na wote Mzee Tulia. Alisoma mpaka macho yakagoma, akaenda kuishi kwa bintiye ng'ambo. Fundi alimwekea mgeni kanda za mzee ili ajifunze, na mgeni akasikiliza huku amefunika mdomo kwa mkono. Mzee alisoma habari moja, halafu kimya. Kimya cha kutosha mtu kwenda kunywa maji na kurudi. Akasoma ya pili, kimya tena.

"Alikuwa anasinzia?"

"Alikuwa anasoma habari," alisema fundi, akaendelea kuunga waya wake.

Sasa, chuoni binti huyu alitia fora kwa jambo moja: kukata kimya. Mwalimu wao aliwaambia kuwa kimya ni uchafu, msikilizaji akikipata anahama stesheni. Kwa hiyo alikata kimya chote, hata pumzi zake mwenyewe alizikata kwenye kompyuta, na taarifa yake ya jioni ikatoka kama maji ya bomba lililopasuka. Ilikwisha mapema mno, fundi akajaza muda uliobaki kwa muziki. Alijiona amefanya kazi safi, na kusema kweli alikuwa amefurahi sana.

Simu zikaanza. "Muulizeni huyo binti, kuna anayemkimbiza?" Mtaani wakampa jina la Kasi, na jina likamganda. Muuza duka alimwambia "Karibu, Kasi" kwa upole wote, kana kwamba ndivyo alivyoitwa na mama yake. Akajaribu kusoma polepole. Simu zikaongezeka: sasa eti anasoma kama mtu anayembembeleza mgonjwa ameze dawa.

Mkurugenzi alimwita ofisini, akafuta jasho kwanza.

"Binti, mimi sina ugomvi na wewe. Ila simu zinanimaliza. Mwezi huu ukiisha na watu bado wanalalamika, tutaagana kwa wema."

Kasi alitoka pale, akashuka ngazi. Hakuogopa kukosa kazi tu. Aliogopa kurudi kwa baba yake.

Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na baba alimlea peke yake katika vyumba viwili, redio ikiwa juu ya kabati. Baba alikuwa na tabia ya kuijibu. Waziri akiahidi maji, baba alisema, "Lini, ninyi?" Mwizi akikamatwa, "Afadhali." Msomaji akiaga, "Na kwako pia, ndugu yangu." Alipokuwa mtoto Kasi alicheka. Alipokuwa msichana mwenye marafiki wa kumcheka yeye, aliona aibu hadi masikioni. "Baba, hawakusikii!" "Najua," alisema baba, na kesho yake alijibu tena.

Kazi ya kisiwani ilipopatikana, baba alikuwa amekwisha kumtafutia nyingine, ofisini, karibu na nyumbani. Walibishana. "Huko kisiwani nani atakusikia?" aliuliza baba, na siku ya safari hakwenda kumsindikiza bandarini. Tangu hapo Kasi alimtumia taarifa yake ya habari kwenye simu kila jioni, na baba hakusema lolote kuihusu. Kasi akimpigia, mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mzima?"

"Mzima."

Kisha kila mmoja alingoja mwenzake aseme neno, na simu ikakatwa.

Mwezi ukiwa unaelekea ukingoni, mafua yakamkaba Kasi na sauti ikampotea kabisa. Fundi alimtazama akihangaika mbele ya kipaza sauti, akanyoosha mkono rafuni bila kuangalia, akachomoa kanda ya Mzee Tulia.

"Watajua ni ya zamani," alinong'ona Kasi.

"Watajua."

"Sasa?"

"Nenda ukalale, binti."

Alitoka nje. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka majini na kuingia mitaani, taa za milangoni zikawa laini kama pamba, na kuta hazikuonyesha zinaishia wapi. Madirisha yote yalikuwa wazi. Sauti ya Mzee Tulia ikaanza, na kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na redio, ilimpokea Kasi kwenye dirisha hili na kumkabidhi kwa dirisha lile, hata akajihisi anatembea ndani yake. Homa nayo ilichangia, tusifiche.

"Barabara ya bandarini itafungwa kwa matengenezo," alisema Mzee Tulia, akanyamaza.

Mtaa ukajibu.

"Mbona mliifunga juzi tu!" Huyo kinyozi.

"Wakiifunga hao hawaifungui," alisema mwanamke jikoni, sufuria zikagongana.

"Mama, barabara gani?" Mtoto alieleweshwa, akaridhika, na mara alipomaliza kueleweshwa Mzee Tulia akaendelea, kama vile alikuwa kakaa nao hapo akingoja.

"Mke wa nahodha amejifungua mtoto wa kike. Mama na mtoto hawajambo."

Kimya.

"Hongera, nahodha!" madirisha yalisema. "Hongera, mama!" Na mtoto mwenyewe, ambaye sasa ni msichana mrefu wa sekondari, alikuwa kasimama mlangoni pao ameshika fagio. Akainama kwa madaha. "Asanteni sana!" Mtaa mzima ulivunjika mbavu.

Kasi alisimama katikati ya njia. Vile vipande vyote alivyokata, kumbe alikuwa akiwakata watu hawa.

Habari ya mwisho aliisikia akisukuma mlango wa nyumbani. Seremala fulani amefariki dunia. Kimya cha safari hii kilikuwa kirefu kuliko vyote, na hakuna dirisha lililosema kitu. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama kando ya redio, kiganja chake juu yake, sindano yenye uzi bado imeshikwa midomoni. Akaitoa taratibu.

"Mume wangu," alisema.

"Mama, pole. Fundi hakujua, amechomoa tu..." alinong'ona Kasi.

"Mwache fundi. Nimefurahi kumsikia akitajwa." Alikaa. "Siku ile Mzee Tulia alinisubiri mpaka nikamaliza kulia. Hakuwa ananisikia, mwanangu. Lakini alinisubiri."

Kasi alilia, na sauti hana, kwa hiyo alilia kimya kimya. Mama mwenye nyumba akamletea maji ya moto na limau, akarudi kwenye cherehani yake.

Sauti iliporudi, alikwenda kurekodi. Alisoma habari ya kwanza, maji yatakatika mtaa wa juu, akanyamaza. Hakujua kumbe kunyamaza ni kazi ngumu hivyo. Mkono ulimwasha kushika kompyuta. Akamfikiria kinyozi, akampa muda wa kulalamika na wa kulalamika tena. Kwa habari ya pili akamfikiria yule mtoto wa kuuliza maswali. Mwishoni alisema, "Usiku mwema," na katika kimya cha mwisho hakumfikiria mtu wa kisiwani. Alimfikiria mtu aliyekaa kando ya kabati lenye redio, mbali, upande wa pili wa maji. Taa nyekundu ilikaa ikiwaka muda mrefu.

Fundi akawasha feni. "Hiyo ndiyo taarifa," alisema.

Jioni hiyo mkurugenzi alitoka ofisini na waya wa simu mkononi. "Simu imeharibika? Mbona hailii?"

Kasi alirudi nyumbani katika ukungu, akipita ndani ya sauti yake mwenyewe, dirisha kwa dirisha. Mtaa ulimjibu. Watu wa maji walisemwa mpaka akawaonea huruma. Na alipofika mlangoni, sauti yake ikaaga nyumba zote kwa pamoja, ikangoja.

"Na kwako, Kasi!" walisema, huyu hapa, yule kule ukunguni asikoonekana. Akajua kwamba hatafunga mizigo.

Alimtumia baba taarifa kama kawaida, akala, akaosha vyombo. Simu ikatoa mwanga. Ujumbe wa sauti, wa baba, ambaye hajawahi kutuma ujumbe wa sauti maishani mwake. Aliufungua akasikia sauti yake mwenyewe, maji yatakatika mtaa wa juu, akadhani baba kabonyeza pasipostahili. Kisha kikaja kimya, na ndani ya kimya kiti cha nyumbani kikalia.

"Na huko nako yanakatika?" alisema baba.

Kasi akakaa kitandani. Habari ya pili. "Afadhali." Ya tatu. "Hao wamezidi sasa." Baba alijibu zote, hakuruka hata moja. Mwisho ile sauti ya kike ikasema usiku mwema, na kikafuata kimya kirefu hata akafikiri ujumbe umekwisha.

"Na kwako, mwanangu," alisema baba. "Umekula?"

"Nimekula, Baba," alijibu Kasi kwa sauti, peke yake chumbani, machozi yakimtiririka.

Ukuta ukagongwa. "Bonyeza simu kwanza, mwanangu! Hakusikii huyo!"

"Najua," alisema Kasi.