Kenda

Mwalimu Makofi alivunjwa mkono siku ya Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, mbele ya watoto wake ishirini na wawili, na yote yalianzia kwenye kitufe kimoja alichobofya kwa kidole cha mkono huo huo.

Jina lake lisikutishe. Hakuwahi kumchapa mtoto wa mtu. Walimwita Makofi kwa sababu akipiga makofi matatu, pa-pa-pa, darasa zima la chekechea lilinyamaza kama redio iliyochomolewa. Miaka thelathini na moja alifundisha kwa makofi, chaki na koo lake, na hakuna aliyemlalamikia. Kisha mwalimu mkuu akaja na lake jipya: kila darasa liwe na ukurasa kwenye mtandao, wazazi waone watoto wao wanavyosoma. Na nani aseme hapana? Aliyepewa kazi ya kumfundisha ni karani wa shule, binti mwembamba, mdomo haupumziki.

"Kipanya usikinyanyue, mwalimu. Kiburute."

"Nikikiburuta kinafika mwisho wa meza."

"Basi kinyanyue ukirudishe katikati."

"Si umesema nisikinyanyue?"

"Jamani, mwalimu!"

Walicheka mpaka watoto waliolala kwenye mikeka wakageuka. Lakini Mwalimu Makofi hakuwa mama wa kushindwa. Baada ya wiki tatu alikuwa anarekodi watoto wakiimba, anaiweka video kwenye ukurasa, na kuwarushia ukutani kwa projekta wakajiona wakubwa kama milango. Alijifunza hata kubandika ua la kuchora juu ya uso wa mtu asionekane. Hilo la ua alilitaka yeye mwenyewe, na alikuwa na sababu.

Mwanzoni mwa mwaka alikuja mama mmoja, mshonaji wa nguo, na binti yake wa miaka sita. Kabla hata ya kuandikisha jina, yule mama alishusha kola ya gauni lake. Kovu lilitoka chini ya sikio likateremka mpaka begani, pana, lenye ncha upande mmoja.

"Hii ni pasi," alisema. "Ya moto. Baba yake aliniwekea, mtoto amekaa pale anatazama. Nilimkimbia, mtoto akiwa na miaka mitatu, na mpaka leo hajui tulipo. Nakuomba, mwalimu wangu, picha ya mwanangu isitoke. Aliniapia kwamba akinipata ataimaliza kazi yake."

"Haitatoka," Mwalimu Makofi alimwambia. "Mungu ananisikia." Akaandika kwenye daftari la mahudhurio kwa wino mwekundu: PICHA HAPANA.

Binti huyo alikuwa mpole, mwenye haya, ila alikuwa na jambo lake moja. Akihesabu alisema, "Saba, nane, kenda, kumi." Alilelewa mwanzoni na bibi yake mzaa baba, na bibi huyo ni wa zamani, tisa kwake ni kenda. Mwalimu Makofi alipolisikia mara ya kwanza nusura alie. Marehemu mama yake naye alihesabu hivyo hivyo. Watoto wenzake walicheka, kisha wakampa jina: Kenda. Akalipenda.

Basi siku moja binti alisimama mbele, akahesabu mpaka ishirini bila kukosea, wenzake wamekaa nyuma yake, na mwalimu akarekodi. Akabandika ua usoni, kubwa, la njano. Akakagua mara mbili. Kompyuta ikamuuliza video ionwe na nani, na vitufe vilikuwa viwili: *Familia* na *Wote*. Mwalimu akafikiri. Familia ni mumewe na wanawe, na wao video ya chekechea ya nini? Wote alilijua vizuri. Kila asubuhi kwa miaka thelathini na moja aliuliza, "Tupo wote?" na darasa likaitikia, "Tupo wote!" Wote ni darasa lake. Akabofya.

Watoto waliipenda video ile kupita kiasi. Kila asubuhi ukutani, "Tena, mwalimu! Tena!" mpaka darasa zima likawa linasema kenda. Mkaguzi alikuwa njiani, na mwalimu alijua kitakachompata akikuta darasa zima halina tisa. Akajaribu kuwarekebisha, wapi! Jumatatu akamwita yule binti pembeni, kwa kuwa chanzo ni yeye. "Mjukuu wangu, darasani tunasema tisa. Kenda ni ya nyumbani na bibi. Sawa?" Binti akaitikia kwa kichwa.

Jumanne karani akaingia darasani bila kubisha, simu mkononi, uso umempauka.

"Mwalimu, ile video imetazamwa mara elfu arobaini! Ulibofya nini?"

"Wote."

"Wote ni watu wote! Dunia nzima! Wazazi wako kwenye Familia!"

"Familia si ya kwangu mimi?"

Karani aliishusha simu. Kisha akasema taratibu, "Na jana kuna mtu alipiga simu ofisini. Anauliza shule ya yule mtoto wa kenda iko mtaa gani. Nilidhani ni mzazi amefurahi. Nikamwelekeza."

Mwalimu Makofi aliitazama picha kwenye ile simu. Kati ya watoto wote waliokuwa kwenye video ile, mmoja tu alikuwa na ua usoni. Alidhani amemficha, kumbe amemwonyesha kwa kidole. "Kimbia," akasema. "Piga polisi. Halafu mpigie mama yake umwambie asije. Hata asikie nini, asije hapa. Anayetafutwa ni yeye."

Karani alikimbia. Hakuwa amefika ofisini mwalimu aliposikia sauti getini. Kupitia dirishani alimwona mlinzi, mzee wa watu, ananyoosha daftari la wageni na kalamu. Mgeni alikuwa amevaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri. Aliipokea kalamu kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akamtandika mlinzi mdomoni kwa spana ya magurudumu. Mzee akaanguka kifudifudi. Akampiga tena akiwa chini, mgongoni, mara mbili, kisha akaruka juu yake akaja.

Pa-pa-pa. Watoto wakanyamaza, wakakaa kwenye mikeka. Mwalimu akafunga komeo. Teke la kwanza lilitikisa fremu, la pili likang'oa komeo na skrubu zake, na mlango ukampiga mwalimu usoni akayumba.

"Shikamoo, mwalimu," yule mtu akasema.

"Marahaba," akajibu. Mdomo ulijijibia wenyewe, kwa mazoea.

"Nimekuja kumchukua mwanangu. Mama yake atamfuata, najua. Mimi na yeye tuna mazungumzo yetu hatujayamaliza."

"Mwanao ni yupi?"

Aliwatazama. Wasichana walikuwa tisa, wote wamenyolewa, wote na aproni za bluu. Macho yake yalikwenda mpaka mwisho wa mkeka, yakarudi, yakaenda tena. Na hapo Mwalimu Makofi akaelewa, akataka kucheka kwa hofu ile. Hamjui! Baba mzazi, amevunja mlango, ameua au nusura aue mtu getini, na mwanawe mwenyewe hamjui kwa sura.

"Yule mwenye ua," akasema. "Ni yupi?"

"Leo hajaja."

Kibao cha kwanza kilimtoa miwani. Cha pili kilimwangusha kwenye meza, kompyuta ikaenda chini naye. Alipoinua mkono kujikinga, spana ikashuka juu yake, na mfupa ukalia kavu kama kijiti kinapovunjwa. Watoto wakapiga yowe. Mwalimu alipiga kelele pia, hakujizuia, maumivu yalimpanda mpaka kwenye meno.

"Ni yupi?"

"Si unasema ni wako? Mchukue basi!"

Akamkanyaga ule mkono uliovunjika. Mwalimu akaona giza. Alipofumbua macho, yule mtu alikuwa ametoa simu yake, na sauti ndogo ikatoka, safi kabisa: *saba, nane, kenda, kumi.* "Mama yangu tu ndiye anayehesabu hivi," akasema. "Haya. Wasichana wote. Mmoja mmoja."

Akamnyanyua wa kwanza kwa aproni, miguu ikaning'inia. "Hesabu!"

Mtoto alihesabu huku kamasi zinamtoka. "Moja, mbili, tatu..." Mwalimu pale sakafuni aliomba kila dua aliyoijua. "...saba, nane, kenda, kumi."

"Ndiye huyu!"

"Na mimi najua!" akalia mtoto wa pili, akidhani wanaojua ndio hawapigwi. "Saba, nane, kenda, kumi!"

Mkono wa yule mtu ukalegea. Akamshika wa tatu. Kenda. Wa nne. Kenda. Jasho lilianza kulowesha shati lile jeupe. Akamburuta wa tano.

Wa tano alikuwa ni yeye. Alikuwa amejikojolea, mkeka umelowa, lakini hakulia. Alimtazama Mwalimu Makofi, si yule mtu. Mwalimu alitamani kumpa ishara akaogopa, maana hata ukope ungemsaliti. *Mtoto wangu, sema kama wenzako.* Halafu akakumbuka jana alimwambia nini. Yeye mwenyewe alimfundisha kujitenga nao! Sasa atakuwa mmoja tu asiyesema kenda, kama alivyokuwa mmoja tu mwenye ua.

"Moja," binti akaanza. "Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba. Nane." Alimeza mate. "Tisa. Kumi."

Yule mtu hata hakumtazama vizuri. Alikuwa anatafuta kenda, na huyu hakuwa nayo. "Toka hapa," akasema, akamsukuma mwanawe kwa paji la uso, binti akaangukia makalio.

Wa sita akasema kenda. Wa saba hakuweza kusema kitu, alitapika. Hapo yule mtu akapandwa na wazimu. "Nani kawafundisha hawa? Nani?" Akamgeukia mwalimu, akampiga teke la mbavu, akampiga jingine la mdomo. Meno mawili yalitoka, akayahisi kwenye ulimi kama changarawe. Aliona spana inainuliwa, na akajua hii ni ya kichwa. Akafumba macho.

Badala ya pigo alisikia mfoko mkali. Darasa lilijaa unga mweupe. Karani alikuwa mlangoni na mtungi wa kuzimia moto, anammiminia yule mtu machoni, analia na kutukana matusi ambayo chekechea haijawahi kuyasikia. Mtungi ulipokwisha aliushika shingoni akampiga nao kisogoni. Mara moja, mara mbili. Mara ya tatu mtu akapiga magoti. Nyuma yake wakaingia mafundi wa gereji ya ng'ambo ya barabara, wanne, wakamvamia kwa ngumi na mateke, na kila pigo lilisikika.

"Mtoeni nje!" Mwalimu Makofi akapayuka, damu inamtoka. "Msimpigie mbele ya watoto!"

Hakusema wasimpige. Nimemuuliza mara mbili, na yeye mwenyewe anakiri. Walimtoa, wakampa kipigo cha mbwa pale uwanjani mpaka polisi walipofika kumwokoa, na mwalimu alilala sakafuni anasikiliza kila kishindo wala hakuona huruma. Huruma ilikuja baadaye, kidogo, na haikukaa.

Mlinzi alipona, ila taya lake limepinda. Yule mtu yuko ndani. Wanasema atafungwa, wanasema pia wakili wake ni mzuri.

Ijumaa mshonaji alikuja hospitali na binti yake. Begi lilikuwa begani, na mwalimu alipoliona hakuhitaji kuelezwa.

"Nisamehe," akasema. Bila yale meno mawili maneno yalimtoka yakipuliza. "Nilikuahidi, halafu nikabofya Wote. Sikujua."

Mama hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Alivuta kiti, akakaa, akamwekea mto vizuri chini ya mkono uliofungwa plasta. "Ungemwonyesha kidole tu, asingekuvunja," akasema mwishowe, akamgeukia binti. "Muage mwalimu wako, mama. Gari linaondoka."

Binti alisogea kitandani. Akaanza kugusa vidole vya mwalimu kimoja kimoja, kwanza vya mkono mzima, kisha vile vinavyochungulia kwenye plasta. "Moja, mbili, tatu, nne, tano. Sita, saba, nane." Kidole kilichofuata akakiruka. Akagusa cha mwisho. "Kumi."

"Umeruka kimoja, mjukuu wangu," mwalimu akasema. "Hicho sema unavyotaka. Sema kama bibi."

Binti alikitazama kile kidole, kisha akatazama mlango.

"Hicho hakitajwi," akasema.

Mama akainuka, akamshika mwanawe mkono, wakatoka, na mwalimu hakuwauliza wanakwenda wapi.