Leso ya Keziah na Pikipiki ya Theluji

Theluji niliigusa mara ya kwanza Riyadh, ndani ya jumba la michezo lenye baridi ya friza, na wiki hiyohiyo nikafanywa mwalimu wake. Bosi aliniuliza, "Barasa, wewe si Mkenya? Kenya si kuna mlima wenye theluji?" Nikaitikia, tena kifua mbele. Mimi mtu wa Bungoma! Mlima wenyewe nimeuona kwenye kalenda.

Kabla ya hapo nilikuwa naosha magari Kandara, Jeddah. Sasa nilipewa miezi mitatu ya majaribio kufundisha wageni kuendesha pikipiki za theluji. Nikifaulu, bosi angekuwa kafili wangu, yaani mdhamini, na ikama, kile kibali cha ukaazi, ningepata. Nisipofaulu, halas, ndege ya Nairobi.

Sheria nilizitangaza kwa sauti ya chifu. Kofia ngumu kichwani! Kitambaa cha kuning'inia, marufuku! Kamba nyekundu ifungwe mkononi, ili ukianguka ichomoke na injini izime! Wazee wa watu waliokuja na kanzu niliwarudisha wakavae ovaroli. Nilijiona mtu mkubwa kweli.

Siku ya mwisho ya majaribio bosi akaja kunitazama. Asubuhi hiyo nilikuwa nimepokea kifurushi cha mke wangu Keziah, aliyeajiriwa kazi za nyumbani Al-Rawdah, Jeddah. Ndani mlikuwa na leso yake, nijifunge shingoni nisipigwe na baridi. Nikajifunga. Nani angemuuliza mwalimu? Kamba nyekundu nayo niliiona ya wanafunzi, nikaiacha ikining'inia kwenye pikipiki.

"Yalla," bosi akasema.

Nikatia moto. Kwenye kona ya kwanza ncha ya leso ikanaswa na mkanda unaozunguka nyuma mahali pa gurudumu, nikaanguka chali, pikipiki ikanikokota kwa shingo. Kelele haikutoka. Niliogopa sana, nikawaza watu wa kwetu wakiambiwa Barasa ameuawa na theluji, Uarabuni! Pauline, mwenzangu wa langoni, ndiye aliyeruka uzio, akakimbia na kuichomoa ile kamba. Injini ikazima.

Bosi akaokota kipande cha leso. "Ikama utapata," akasema. "Aliyeponea chupuchupu harudii. Lakini hiki kitatundikwa mlangoni, na kila kundi utalisimulia ulivyofanya."

Nimesimulia tangu siku hiyo, wageni wanacheka hadi machozi. Keziah nilimwambia kwa simu kwamba leso ni nzuri, naivaa kila siku.

Juzi madam wake akaja Riyadh likizo na watoto, akamleta na yeye. Nilikuwa katikati ya kisa, nimefika pale pa kukokotwa, nikamwona amesimama nyuma ya wageni. Aliitazama leso iliyochanika, kisha akanitazama shingo. Kisa nikakikatiza.

Hakucheka. Alipita katikati ya watu wote, akaichukua kamba nyekundu kwenye pikipiki iliyokuwa kando yangu, akanifunga mkononi mafundo mawili kama mtoto wa nasari.

"Endelea, mwalimu," akasema.