Walimu Watatu wa Upuochi

Mwalimu Ochanya aliwaacha darasa la kwanza wakiimba herufi, akawapa la pili hesabu za kujumlisha, na sasa alikuwa chumba cha pili akiwaeleza la sita namna ya kutafuta eneo la pembetatu, huku jicho moja likiwa kwa la nne waliokwisha kuanza kurushiana maganda ya karanga. Shule ya Msingi Upuochi ina madarasa sita na vyumba viwili. Ukuta wa katikati una tundu alilolitoboa mwenyewe kwa nyundo, kubwa la kutosha uso wa mtu, na hapo ndipo anapopigia kelele chumba kimoja akiwa kingine. Tundu hilo lingekuwa na mdomo wake, lingeshaomba uhamisho.

Nje, Ogbole wa pikipiki alipiga honi.

"Madamu, tunachelewa! Si walisema shule zote zimefungwa leo?"

"Zimefungwa huko mjini. Hawa wangu nani kawaambia?"

"Basi waambie wewe, twende. Njia yenyewe unaijua."

Akawaambia. Watoto wakatawanyika mlimani, naye akaingia katika chumba chake nyuma ya shule kuvaa kitenge. Kilikuwa kitenge cha kijani chenye sura ya Gavana, kilichogawiwa na Chama cha Walimu, na bei yake ilikatwa kwenye mishahara bila mtu kuulizwa kama anapenda kijani. Fundi wa Upuochi alikikata vibaya, sura moja ya Gavana ikaangukia makalioni. Ochanya alijaribu kuigeuza sketi, Gavana akaja tumboni. Akaona afadhali abaki nyuma.

Hakuwa mtu wa mikutano. Aliyemshawishi ni Komredi Inalegwu, katibu wa Chama wilayani, mtu wa mwili mkubwa na sauti ya kubembeleza, ambaye wiki mbili kabla alipanda mlimani kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe. Chama, alisema, kimeamua kumuunga mkono Gavana na wagombea wake wote wa bunge la jimbo. Kila shule ilete walimu wake wote ukumbini.

"Walimu wote ndio mimi, Komredi," Ochanya alimwambia.

Inalegwu alicheka mpaka akashika mbavu. "Njoo tu, Madamu. Kamishna wa elimu atakuwepo. Nitakushika mkono mpaka mbele yake, umwombe mwalimu wako. Hiyo ni ahadi ya komredi."

Mwalimu mmoja. Hakutaka zaidi. La sita walikuwa wameanguka mtihani wa kuingia sekondari mwaka baada ya mwaka, si kwa ujinga wao, bali kwa kuwa kila walichofundishwa walikisikia nusu, nusu nyingine ikiwa imepotelea tunduni. Hilo ndilo angemwambia Kamishna. Lingine asingelisema, ila mimi nitalisema: alikuwa amechoka kula chakula cha mchana peke yake. Alikuwa mjane, watoto wake wako mbali, na wanakijiji walimheshimu kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kumtania. Mtu asiyetaniwa na mtu huwa mkiwa.

Kwa vitabu vya serikali, shule yake ilikuwa na walimu watatu: Ochanya Adakole, Comfort Ejeh na Sunday Ogaba. Majina hayo mawili ya mwisho yalipofika, miaka sita iliyopita, alifurahi kama mtu aliyepata harusi. Alifagia stoo ya shule, akaazima kitanda, akanunua ndoo mpya. Hakuja mtu. Alipouliza ofisini akaambiwa wako njiani. Basi akazoea kuwawaza. Comfort alimfanya mwembamba, mkali, asiyependa uchafu. Sunday alimfanya mpole, mwenye kofia. Wakati mwingine aliwatisha watoto kwa kuwaambia Mwalimu Comfort angeona daftari hizi angelia. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Wahenga hao hawakuwahi kuona malipo ya mishahara ya jimbo letu.

Nauli ya kushuka mjini ilikuwa imepanda tena, petroli ikisingiziwa. Ogbole alitaja bei akiangalia pembeni kwa haya, Ochanya akalipa, akapanda nyuma akiwa amemkalia Gavana.

Ukumbi wa mikutano ulikuwa umefurika kijani. Kila benchi lilibandikwa jina la shule, na makarani wa Chama walipita wakihesabu vichwa. Ochanya alitafuta benchi lake mpaka akalipata, kule mbele kabisa, karibu na jukwaa. Lilikuwa na watu wawili: mwanamke mnene mwenye nywele bandia nzuri, akinywa soda, na mwanamume kijana aliyeinamia simu.

"Samahani," alisema Ochanya. "Hapa ni pa Upuochi."

"Ndiyo, sisi ndio Upuochi," yule mwanamke alijibu kwa uchangamfu. "Wewe wa shule gani, mama? Tukusaidie kutafuta?"

Ochanya alisimama na mkoba wake kifuani. "Mimi ni Ochanya."

Mwanamke aliweka soda chini. Alimtazama usoni, akatazama viatu vyake vyenye vumbi jekundu la mlimani, kisha akainuka akamkumbatia kwa nguvu, kumbatio la mtu aliyekutana na dada yake hospitalini.

"Mama Mkuu! Jamani, Mama Mkuu wetu! Sunday, acha simu, bosi wako huyu hapa. Mimi Comfort, mama."

Sunday aliinuka nusu, akaamkia kwa kuinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, akakaa tena. Hakuwa na kofia. Alikuwa dereva wa mbunge mmoja, Ochanya alikuja kujua baadaye, na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kila siku ya Mungu.

Ochanya aliitafuta hasira yake. Miaka sita aliilea, alijua hata maneno ya kuanzia. Lakini Comfort alikwisha kumsogezea nafasi, akamfungulia karatasi ya bagia za moto, akamtia moja mkononi.

"Kula, mama, umetoka mbali. Hivi huko juu simu inashika?"

"Ukipanda juu ya jiwe."

"Na nyoka?"

"Wapo. Ila nyoka ukimwita jina anakuja, hakwambii yuko njiani."

Comfort aliangua kicheko, akampiga Ochanya begani. "Sunday, umesikia? Mama Mkuu mwenyewe ana maneno!"

Na Ochanya akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaona aibu, kisha akacheka tena. Walikula bagia zote. Comfort alimweleza habari za genge lake la nywele sokoni, akamshika kichwa akasema nywele hizi mama zinahitaji mtu, siku ukija nitakusuka bure. Ochanya alihisi vidole vya mtu mwingine kichwani mwake na hakukumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini.

"Usinifikirie vibaya, mama," Comfort alisema kwa sauti ya chini baadaye. "Huo mshahara unaousikia, nusu anachukua aliyeniandikisha. Nikikawia kumpa, simu inalia mpaka inapata moto. Na mwanangu ana selimundu, ugonjwa ule wa damu. Hospitali iko hapa. Huko juu angekufa, ningefanyaje?"

"Mimi sijakuuliza kitu, mwanangu."

"Ndiyo maana nakwambia."

Inalegwu alipita akitoa jasho. Ochanya alimdaka mkono. "Komredi, ahadi yako."

Hakuweza kuikwepa. Alimpeleka mpaka kwenye safu ya viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe jukwaani, alikokaa Kamishna, mtu mwembamba mwenye miwani. Ochanya alieleza. Alisema juu ya vyumba viwili, la sita, na lile tundu. Alisema anaomba mwalimu mmoja.

"Upuochi?" Kamishna alimgeukia Inalegwu. "Si ndiyo ile mliyoniambia imekuja yote?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Wametimia, mia kwa mia."

"Sasa, Madamu." Kamishna alinyoosha kidole kwenye benchi la mbele, ambako Comfort aliwapungia mkono. "Walimu wako wale pale, nawaona kwa macho yangu, na wamependeza. Nina shule hazina mwalimu hata mmoja. Wewe una watatu, unataka wa nne?"

"Wale, Mheshimiwa, nimekutana nao leo."

Kamishna akawa anatazama saa yake. Inalegwu alimshika Ochanya kiwiko, akamshusha ngazi taratibu kama anayemsindikiza mgonjwa.

"Usituharibie siku, mama. Baada ya uchaguzi nitakuja mwenyewe tulimalize. Umoja ndio silaha yetu. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Ndicho nilichomwambia, Komredi. Mimi ni kidole kimoja."

Alirudi kwenye benchi. Comfort alimuuliza vipi, akasema salama. Hotuba zikaanza. Gavana alisifiwa kwa barabara, kwa visima, kwa kuwapenda walimu, na mwenyewe hakuwepo, alikuwa anasubiriwa. Kisha Inalegwu akatangaza zawadi kwa shule zilizohudhuria kwa ukamilifu licha ya umbali.

"Ya kwanza, kutoka kule mlimani ambako hata mbuzi anafikiri kabla ya kupanda, Upuochi! Walimu watatu kati ya watatu! Njooni, makomredi!"

Comfort alimvuta mkono. Wakapanda jukwaani wote watatu, Sunday akijificha nyuma ya mabega ya wanawake. Zawadi ilikuwa saa ya ukutani yenye sura ya Gavana. Inalegwu akampa Ochanya kipaza sauti na kumnong'oneza, "Neno moja tu, mama. Sema Upuochi tunamuunga mkono."

Ochanya alikishika. Sauti yake ilikuwa imezoea kupita ukutani, haikuhitaji mashine, na mashine ikaifikisha mpaka barabarani.

"Mimi ni Ochanya Adakole wa Upuochi. Hawa ni walimu wangu, Comfort na Sunday. Nashukuru Chama kwa kutukutanisha, maana hatujawahi kuonana."

Kicheko kilianzia nyuma. Walimu wa jimbo letu ni watu wazima, kila mmoja ana Comfort wake.

"Comfort, Jumatatu utachukua la kwanza na la pili. Wanapenda kuimba, usiwakataze. Sunday, la tatu na la nne ni yako. Wanarushiana maganda, lakini si wabaya. Mimi nitabaki na la tano na la sita, wana mtihani. Kengele inagongwa saa moja na nusu."

Sasa ukumbi mzima ulikuwa unacheka, watu wanapigana vibao vya mgongo. Ochanya hakuwa amechekesha. Aliangalia pembeni, akaona uso wa Comfort umekauka.

"Mama," Comfort alisema polepole. "Mimi nilikufanya nini?"

Akashuka ngazi, Sunday mbele yake.

Inalegwu alikwisha kunyakua kipaza sauti. "Mama yetu mcheshi! Asante, mama, shuka sasa."

"Nangoja Kamishna anijibu," Ochanya alisema, lakini bila mashine hakusikiwa na mtu ila waliokuwa jukwaani. Hakushuka. Alisimama palepale, saa ya Gavana kwapani.

Kuna watu wameumbiwa siasa. Inalegwu alimtazama kidogo tu, kisha akaugeukia umati, mkono juu.

"Makomredi, mnaona? Mama huyu amekataa kushuka! Katoka mlimani, anasema hatakaa mpaka Gavana wetu ashinde! Mama wa umri huu amesimama, sisi tutakaa?"

Ngoma zikalia. Benchi kwa benchi watu wakainuka. Wageni wa heshima nao wakainuka, na Kamishna akasogea ukingoni mwa jukwaa kuwapungia.

"Wanaomuunga mkono Gavana na wagombea wake wote, waseme ndiyo!"

"Ndiyo!"

Wasiomuunga mkono hawakuulizwa. Ochanya alimtafuta Comfort kwa macho. Alikuwa kwenye benchi la Upuochi, amesimama kama wengine, anapiga makofi akitazama dari. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama kwa ajili ya Ochanya, na hapakuwa na mtu mmoja wa kwenda kukaa naye. Alijua amempoteza yule mwanamke, rafiki wa saa chache, na kwamba hata kama angerudishiwa kile kipaza sauti angesema yaleyale.

Basi kwa kuwa wote wamesimama, yeye akakaa. Alirudi nyuma hatua chache, akakuta kiti chenye kitambaa cheupe, akaketi, akaweka saa sakafuni. Migongo ya wakubwa ilimkinga, hakuna aliyemwona.

Kelele zilipopungua Kamishna aligeuka kurudi mahali pake.

"Mama, hicho ni kiti changu."

"Najua, Mheshimiwa. Nangoja mwalimu mmoja."

Inalegwu alipiga vidole mara moja. Wanaume wawili walitoka mbio upande wa pazia, na Kamishna akaletewa kiti kingine kabla hajapata hata cha kumjibu.