Kiondo cha Moyo wa Kamene

Kamene alikuwa akisuka kiondo kitandani, katika wodi ya wanawake hospitalini Thika, na kiondo kilikwenda kombo kwa makusudi. Moyo wake mgonjwa ulimdunda mpaka masikioni. Kwa kila pigo alisuka fundo jeusi. Moyo uliporuka pigo, aliweka jekundu.

"Dada, huo ni ulevi," alicheka Aketch, jirani yake wa kitanda. "Nyeusi tatu, nyekundu, nyeusi kumi, nyekundu mbili!"

"Ndivyo moyo unavyopiga."

"Basi na mimi unisukie. Wangu unakimbia kama kuku aliyeona mwewe."

Kamene alicheka, lakini Jumapili ilimtia hofu. Siku hiyo mama mkwe wake, Syombua, angekuja kutoka Gatuanyaga. Kule alijulikana: kiondo chenye kosa hukifumua papo hapo, mbele ya watu, hata kiwe cha mke wa mchungaji. Na tangu Kamene aache jembe, Syombua alikuwa akiuliza ni ugonjwa gani huu usio na kidonda. Jibu la Kamene lilikuwa kiondo hicho tu.

Jumapili Syombua aliingia na kibuyu cha uji, akasalimu kitanda kwa kitanda, halafu macho yake yakatua kwenye kiondo. Akakichukua. Kucha zikaushika uzi wa mwisho.

"Nani alikufundisha uchafu huu?"

"Moyo wangu, mama. Usikifumue kabla hujausikiliza."

Syombua akainama taratibu, akalaza sikio kifuani kwa mkazamwana wake, kiondo kingali mikononi. Du, du, du. Kimya. Du.

"Aii!"

Vidole vyake, vilivyozoea kusuka huku mdomo ukipiga soga, vikaanza kusuka vyenyewe. Nyeusi, nyeusi, nyeusi. Pigo likaruka, vidole vikasita, vikatafuta uzi mwekundu.

"Moyo huu hauna adabu," alisema, kisha akacheka mpaka kifua cha Kamene kikatikisika. "Na ulikuwa unalima nao hivi hivi, mwanangu?"

"Nilikuwa nalima nao, mama."

"Jembe nitalishika mimi. Na Kimeu pia, mumeo ana mikono."

Aketch alipiga vigelegele, wagonjwa wengine wakaitikia. Nesi akaja mbio.

"Mama, wakati wa wageni umekwisha."

"Nyamaza kidogo, nesi," alisema Syombua bila kuinua sikio. "Utanipotezea mstari."