Tangi Limekauka Mezani

Mwalimu alikuwa na sharti moja, na alipolitaja alimtazama Mama zaidi kuliko alivyomtazama binti. Mchezo ukianza, aliyeubuni hafungui mdomo, wala aliyekuja naye. Wachezaji ni wageni, wana karatasi ya maelekezo, basi. Wakiumaliza kwa karatasi hiyo peke yake, binti anaingia darasa la kompyuta kuugeuza mchezo wake uchezwe kwenye simu. Wakikwama, anarudia mwaka, akate maboksi ya kutengenezea ubao pamoja na wanafunzi wapya.

Mama akasema ameelewa. Alikuwa msimamizi wa stoo ya hospitali, mtu wa kufanya kwanza maneno baadaye, na kukaa kimya asubuhi moja hakukumtisha.

Kozi yenyewe ndiyo iliyomtisha tangu siku ya kwanza. Yeye alitaka binti asome uhasibu. Alipoambiwa kwamba kuna chuo kinachofundisha watu kubuni michezo, aliuliza kama kuna kingine kinachofundisha kulala. Akanuna wee, mwisho akavuta kiti. Jioni baada ya jioni wakacheza yeye, binti, na wapwa zake wawili, mpaka rangi ya kete ikachubuka.

Mchezo ulikuwa wa wapangaji wanne wanaogombea bomba moja. Katikati ya ubao palikuwa na kisahani, ndilo tangi, kimejaa kete za buluu, kila moja ndoo ya maji. Unarusha dadu, unachota. Wa kwanza kutosheleza chumba chake kupika, kufua na kuoga, ameshinda.

Wachezaji walikuwa wanafunzi wanne wa ushonaji, wamekuja na nyuzi zimenata kwenye nguo. Wakamwamkia Mama, wakasoma karatasi kwa sauti, wakaanza. Raundi ya kwanza walicheka. Mwembamba mmoja alichota ndoo nyingi, wenzake wakamwita mwenye nyumba. Raundi ya pili wakatukanana vizuri, kama wapangaji wa kweli. Binti alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili, lakini uso ulikuwa umefunguka.

Raundi ya tatu kisahani kikabaki kitupu.

Mwembamba akarusha dadu, akapata sita, akanyoosha mkono, hakuna cha kuchota. Akamgeukia binti. "Dada, maji ndiyo yameisha?"

"Usimwulize, haruhusiwi," mwenzake akamwambia.

"Sasa tuoge mate?"

Wakacheka, wakarudi kwenye karatasi. Mama akamtazama binti, akaona kitu kilichomkata maini: naye binti alikuwa anashangaa. Macho yalimtoka akikitazama kile kisahani kama anakiona leo. Nyumbani maji hayajawahi kuisha.

Hapo ndipo Mama alipojua. Nyumbani, kila raundi ikifika mwisho, mtu alichota kete za buluu kutoka kwenye boksi na kuzimwaga kwenye kisahani. Mtu huyo ni yeye, wala hakuambiwa. Hakuwahi kuona chombo kitupu akakiacha, si stoo, si jikoni, si mezani. Alijaza huku akiongea mambo mengine, na mtoto akaandika maelekezo yake yote bila kujua kwamba tangi lina mjazaji.

Boksi lilikuwa pale pale, karibu na goti lake. Konzi moja tu ya kete.

"Mama," mwalimu akasema taratibu. "Mkono."

Akaurudisha, akaukalia.

Washonaji walijitahidi. Walirusha dadu, wakapitishana zamu, wakasoma karatasi mbele na nyuma. Mmoja akapendekeza waibiane ndoo, mwingine akasema karatasi haisemi hivyo. Waliendelea hivyo, dadu likigonga ubao na mikono ikirudi mitupu, mpaka mwembamba akalisukuma dadu kando kwa upole, kama mtu anayeomba radhi. Wamekwama, alisema.

Mama alimfuata mwalimu mpaka mlangoni. Akamweleza kwamba kosa ni lake, kwamba ni sentensi moja tu, mtoto aiandike sasa hivi na wachezaji wengine waitwe mchana. Kwa sauti hiyo hiyo alikuwa ameshawahi kuwaleta wauza dawa wakaidi mpaka mlango wa stoo.

"Nakuelewa, Mama," mwalimu akasema. "Lakini kompyuta hutakaa nayo mezani. Isipoambiwa ijaze, haijazi, hata wachezaji wafe kiu." Hakuwa mkali. Angekuwa mkali Mama angejua la kufanya.

Binti alikuwa amekaa kwenye ngazi za korido, boksi mapajani. Alikuwa amesikia yote yaliyosemwa mlangoni. Alitaka kujua kete hizo zilikuwa zinajazwa lini.

"Mkimaliza wote kuzunguka," Mama akasema.

"Ngapi?"

"Za kutosha."

"Za kutosha ni ngapi, Mama?"

Mama akakunja kiganja, akakitazama. Kwa kawaida ilikuwa konzi moja. Ila siku mpwa wake mdogo alipokuwa karibu kulia, aliongeza. Na siku walipochoka wakitaka kulala, huenda alipunguza, akasema, ili mchezo uishe upesi.

Binti alikuwa ameshika kalamu, lakini hakuandika.

"Kuna kingine unachokifanya?"

Mama akafungua mdomo. Alijiona mezani nyumbani, mikono ikienda huku na huku juu ya ubao, lakini ilipogusa hakupaona.

"Sijui, mwanangu," akasema.